Nyasi za Kwao Wifi

Mama yangu anajua Kibangla cha kutosha kuomba chai, kuomba wali, na kujua kama anatajwa. Chai ni "cha", wali ni "bhat", na "shashuri" ni mavyaa, yaani mama mkwe. Maneno hayo alifundishwa na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, siku za mwanzo alipoletwa nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman, walipokuwa wakikaa jikoni pamoja na kucheka, huyu akimfundisha mwenzake kusema "mwiko" na yule akimfundisha kusema "shashuri". Mama alilipenda hilo la mwisho. Akimpigia wifi simu kutoka chumba cha pili, na hufanya hivyo mara nyingi kwa sababu ya magoti yake, huanza kwa kusema, "Ni mimi, shashuri."

Nayasema haya mwanzo kwa sababu nataka ijulikane kwamba tulikuwa tunapendana. Watu wakisikia habari ya mavyaa na mke wa mwanawe hukaa mkao wa kusikia ugomvi. Kwetu ugomvi haukuwepo. Kilichokuwepo ni neno moja tulilolisikia vibaya, mama na mimi, na kwa neno hilo binti wa watu hakwenda kwao.

Wifi anatoka Bangladesh, upande wa mito mikubwa, mahali ambapo, kwa maneno yake, ukitaka kwenda dukani unauliza kwanza leo maji yamefika wapi. Alikuja Oman kufanya kazi ya uuguzi, akawa Sur, na huko ndiko mdogo wangu alikomwona, maana yeye anafanya kazi kwenye mtambo wa gesi huko huko, kwa zamu. Wakaoana. Mimba ilipoingia na miguu ikaanza kumvimba aliacha kazi, na mumewe akamleta Ibra asije akakaa peke yake wakati mwenzake yuko zamu. Nyumbani tupo mama na mimi tu. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi, na kazi yangu ni ya ofisini. Sisi ni watu wa Unguja. Mama alizaliwa mjini, akaja huku yu msichana baada ya mapinduzi, na Kiswahili chake ni kile kile cha wakati ule. Akimsikia kijana wa siku hizi anasema "kitu yangu" hushika kichwa.

Ilikuwa imekwisha kubaliwa kwamba wifi atakwenda kwao kujifungua. Kwao ni desturi, na kwetu pia ni desturi, kwamba mtoto wa kwanza mwanamke humzalia kwa mama yake. Juu ya hayo baba yake amepooza, hainuki kitandani, na mama yake ndiye anayemgeuza na kumlisha, kwa hiyo mama mtu hakuwa na njia ya kuja Oman. Ama binti aende, ama wasionane. Na alitakiwa asafiri mapema, kwa sababu mimba ikishakuwa kubwa ndege hazimchukui. Hayo yote tuliyajua, hapana hata mmoja wetu anayeweza kusema hakuambiwa.

Joto lilikuwa limeanza kupungua, zile wiki ambazo mtu anaweza tena kukaa uani alasiri. Wifi alikuwa akitoka na simu yake, anakaa penye kamba za kuanikia nguo, anaongea na mama yake. Jioni moja nimerudi kazini, hata abaya sijavua, mama akanishika mkono akanivutia chumbani kwake.

"Skiza," akaniambia. "Huyu mwanamke anatukashifu kwao."

"Nani?"

"Nani tena? Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Shashuri, shashuri, kisha kashfa. Kashfa, na kilio juu yake."

"Mama, wewe hujui Kibangla."

"Shashuri najua. Na kashfa najua. Kwani wao si Waislamu? Hawana maneno ya Kiarabu kama sisi?"

Na kweli, maneno ya Kiarabu wanayo. Wifi mwenyewe alikuwa akishangilia kila akigundua neno tunalolishiriki, duniya, kitab, hishab, akisema tazama, Kiswahili nilikuwa nakijua na sijijui. Siku ya pili yake nilijifanya natoa nguo kwenye mashine, nikasimama nyuma ya mlango wa uani. Nikamsikia. Alikuwa analia na kuongea kwa haraka, na neno likaja, likaja tena: kashful, kashful. Ile "l" ya mwisho niliisikia. Nikaipuuza, nikasema ndivyo wanavyolimalizia wao.

Mtu wa Oman asiyejua Kiswahili angelisikia neno lile angelifikiri mambo ya hospitali, kwa sababu kwa Kiarabu "kashf" ni daktari kukupima. Asiyejua Kiswahili wala Kiarabu asingefikiri kitu, angekwenda zake. Ni sisi tu, Waswahili wa huku, tulioweza kulisikia neno la muuguzi mjamzito tukaona aibu imetoka nje ya nyumba. Mama akaanza kukumbuka siku aliyomfokea wifi kwa ajili ya kuku aliyeungua. Mimi nikafikiria talaka yangu. Niliona wazi kwamba kashfa ya nyumba ile, kama ipo, ni mimi, na kwamba huko kwenye mito yao sasa kuna wanawake wanaulizana kwa nini niliachwa. Nina hasira za karibu, sikatai. Damu ilinipanda, na kabla ya magharibi nilikuwa nimekwisha mpigia mdogo wangu Sur.

"Mkeo anatusema kwao," nikamwambia. "Kila siku, na kilio. Akifika huko na tumbo lake hilo utampata tena?"

Na mwenye kusemwa yuko chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu. Nilikuwa naweza kugonga mlango nikamuuliza.

Mdogo wangu ni mtu asiyependa makelele. Ukimletea ugomvi hataki kujua chanzo chake, anataka uishe. Alikuja siku zake za mapumziko, akakaa sebuleni, akamwambia mkewe mbele yetu kwamba ameona safari ni ndefu, na hali yake ile, na hospitali za huku ni nzuri, kwa hiyo atazaa hapa. Wifi alimtazama yeye, akamtazama mama, akanitazama mimi. Nilishughulika na birika la kahawa.

"Tayyib," akasema, yaani sawa. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo.

Wiki zilizofuata hazikuwa na neno baya hata moja. Kila asubuhi alimwambia mama shikamoo, na mama akaitikia marahaba ya baridi. Mazungumzo ya jikoni yalikwisha. Simu akawa anaongelea chumbani, mlango umefungwa, na sauti ndogo, na mama akasema unaona, sasa anajificha. Chakula akila anakisogeza sogeza kwenye sahani. Mimi niliyaona hayo. Nilimnunulia maembe. Hakuyataka.

Mdogo wake mama ameolewa Manah, na baadhi ya Ijumaa huwa tunakwenda kwake kula. Ijumaa ile tulitoka mapema, mimi kwenye usukani, mama pembeni yangu, wifi nyuma na mto mgongoni. Tumepita Sinaw, hapana anayesema, redio inasoma habari. Karibu ya kufika Manah barabara inapita kando ya wadi, bonde la mto ukaukao, ambayo mvua za karibuni zilikuwa zimeijaza na maji yakapungua, na pale ndipo wifi aliponitia roho juu.

"Simama! Wifi, simama gari! Simama!"

Nikajua mtoto anakuja. Niliegesha kando, matairi yakarusha kokoto, na sijazima gari yeye ameshafungua mlango anateremka bondeni, mkono mmoja chini ya tumbo. Huko chini, ukingoni mwa maji, kulikuwa na nyasi ndefu za porini zilizotoa mashuke meupe, nyingi, zinainama na upepo na kuinuka. Ni nyasi ambazo nimezipita maisha yangu yote. Sijapata kujua zinaitwaje, na kama kuna anayejua hajaniambia. Wifi akaingia katikati yake mpaka zikamzidi kimo. Akalivuta shuke moja akaliweka shavuni. Halafu akageuka, uso wote umeloa, anacheka, akatupigia kelele:

"Kashful! Mama, ona! Kashful!"

Mama alikuwa amekwisha shusha kioo. "Anasemaje?"

"Anasema kashful."

"Nini kashful?"

Nikachelewa kumjibu, kwa sababu nilikuwa tayari nimefahamu na nilikuwa natafuta njia ya kutofahamu. "Nyasi, mama," nikasema. "Anatuonyesha nyasi."

Mama alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Nilimfuata wifi nikampandisha kwa kumshika kiwiko. Alikuwa amechuma mashuke ya kujaa mkono na hakutaka kuingia garini. Aliegemea mlango upande wa mama akawa anatueleza, Kiswahili na Kiarabu chake pamoja, haraka haraka, kwa kuwa wiki nyingi alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Hii si yenyewe sawasawa, akasema, ya kwetu mfupi kidogo na mwembamba, lakini ni ndugu yake, na yeye hakujua kwamba na Oman inaota. Kwao huota yenyewe kwenye mchanga ulioachwa na mto. Hapana anayeipanda. Masika yakimalizika, mbingu zikawa buluu na mawingu machache meupe, basi kashful inatoka, upande huu wa mto na upande ule, ukipita na mtumbwi unaona nyeupe tu. Wasichana huvaa sari wakaenda kupiga picha, na hizo picha ndizo wadogo zake walizokuwa wakimpelekea. Majirani zao Wahindu huanza kupiga ngoma kubwa zilizotiwa manyoya meupe, kwa sababu wanasema huo ndio wakati mungu wao mwanamke anatoka kwa mumewe milimani anakuja kwa wazazi wake, na watoto wake wote, anakaa siku chache, anarudi.

"Sisi Waislamu, hiyo si dini yetu," wifi akasema. "Lakini mama wote, Mwislamu, Mhindu, akiona kashful anauliza: binti yangu anakuja lini? Zamani kaka anakwenda na mtumbwi kumchukua dada yake kwa mume. Inaitwa naior. Kashful ikitoka, mama anaweka wali mzuri, anaweka nazi, anangoja. Nyasi inamwambia."

Mama akamuuliza, na sauti yake siipendi kuikumbuka, "Na shashuri? Nilikusikia unasema shashuri."

Wifi akacheka, akaona haya. "Mama umesikia? Mimi namwambia mama yangu, ngoja, kashful ikitoka mimi nakuja. Anasema, shashuri atakubali? Mimi nasema shashuri wangu mtu mwema, amekubali zamani. Yeye analia, mimi nalia. Furaha." Akayatazama mashuke mkononi mwake, akachambua kipande kilichomshika kidoleni. "Sasa mama yangu hataji tena kashful. Anasema habari ya kuku, habari ya baba. Hataki mimi niumie."

"Ingia ndani, mwanangu," mama akamwambia. "Jua kali."

Kutoka pale mpaka Manah ni mwendo mfupi na mimi niliuona mrefu. Kwa aibu sikutazama hata kwenye kioo cha kati. Kwa mama mdogo tuliandaliwa wali wa nyama na mama hakula. Alisema tumbo. Baadaye akaniita tukatembee mitendeni, akaenda akakaa kwenye ukingo wa falaj, mfereji wa kunyweshea mitende, akatia miguu yake majini na soksi zake, hakuzivua, nadhani hakujua kama amezivaa.

"Mimi nilipotoka kwetu," akaanza, "mama yangu hakuja bandarini. Alisema hawezi. Alisimama mlangoni, akaniambia nenda, utarudi."

Hadithi hiyo nilikuwa naijua. Sehemu aliyoiongeza siku ile nilikuwa siijui.

"Miaka ya kwanza haikuwezekana, sawa, kila mtu alikuwa hawezi. Baadaye iliwezekana. Watu walikwenda, walirudi, waliniletea salamu zake. Mimi kila mwaka nasema mwakani. Mara nyie wadogo, mara skuli, mara baba yenu. Ananiuliza kwa midomo ya watu, anakuja lini? Namwambia mwakani. Mpaka hapana tena wa kuuliza." Akaitoa miguu majini, akazitazama zile soksi. "Najua mama anavyongoja. Walla najua kuliko mtu yeyote. Na mimi ndiye nikamzuia binti wa mwenzangu."

"Mimi ndiye niliyepiga simu."

"Nani aliyekutuma?"

"Hukunituma, mama. Nilijituma."

"Nilikuletea maneno."

Tukawa tunagombania lawama pale chini ya mitende, kila mmoja anaivuta kwake, na haikuwa wema. Mwenye lawama yote hupata walau la kufanya. Anayepewa nusu hubaki nayo tu.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado Manah. Nilipomaliza kumweleza akasema, "Sasa si mngesema labda ni kashf, vipimo?" Alitaka kunichekesha. Nilimwambia atafute ndege, yoyote, hata kesho, na akaitafuta. Wifi alipoambiwa jioni ile kwamba mumewe amebadili nia, atasafiri, alimshika mama mikono akaibusu yote miwili, mbele na nyuma. Mama alitazama dari.

Ilibidi apimwe kwanza. Nilimpeleka mimi kliniki ya pale Ibra, na muuguzi alipomfunga kile kitambaa cha presha mkononi alikifungua akakifunga tena, akaenda kumwita daktari. Presha ilikuwa juu. Daktari, mama mmoja mpole, alisema kwa hali ile ndege hapana, wala gari la safari ndefu hapana, apumzike, asile chumvi, na tumrudishe baada ya siku chache. Akamuuliza kama anapata usingizi. Akamuuliza kama ana jambo linalomtia dhiki nyumbani.

"La, abadan," wifi akajibu. "Nyumbani watu wazuri sana."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti pembeni, mkoba wake mapajani kwangu. Najua presha ya mimba huja bila ya sababu ya mtu. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo tukirudi, kwa upole wa kazi yake, akidhani mimi nina hofu ya ugonjwa. Alinieleza hata vipi mishipa inavyofanya. Nikawa naitikia kwa kichwa huku naendesha.

Mama alipopata habari aliingia chumbani kwake, akakaa humo mpaka isha. Kuanzia kesho yake akawa mtu wa kufanya mambo. Supu ya kuku bila ya chumvi asubuhi, uji adhuhuri, mafuta ya nazi ya kumkanda miguu. Yeye mwenye magoti mabovu ndiye aliyeinama kukanda, hataki nimpokee. Na Jumamosi moja akanituma mpaka kule wadi, mwendo wote ule, nikakate zile nyasi. Nilikata nikajaza nyuma ya gari, mikono ikanichanika, maana majani yake yanakata. Mama akayapanga mashuke majlis, chumba cha wageni, kwenye mitungi, kwenye pembe zote, mengine akayachomeka kwenye chombo cha maua ya plastiki. Akampigia wifi kutoka hapo hapo majlis kwa simu: "Njoo uone."

Wifi akaja, akasimama mlangoni. Alijizuia, nilimwona anajizuia, lakini hakuweza. Alicheka mpaka akajishika tumbo akaegemea ukuta.

"Mama! Kwetu hawaingizi ndani!"

"Kwa nini?"

"Inaruka!"

Na kweli, usiombe. Kiyoyozi kilipowashwa mashuke yalianza kupukutika, na yale manyoya meupe yakaenea kwenye mazulia, kwenye mito, kwenye tende, ndani ya buli la kahawa. Jirani alikuja kutusalimu na abaya nyeusi, akatoka kama aliyelala kwenye godoro lililopasuka. Mama akapiga chafya siku mbili. Alizoa kila kitu mwenyewe kwa mikono, amepiga magoti, hataki ufagio kwa sababu ufagio unayatimua, na mimi nilipoinama kumsaidia akaniambia niache. Niliona kwamba anaifurahia ile kazi.

Ndipo nikamuuliza kama tumwambie wifi.

"Tumwambie nini?"

"Kwa nini safari ilivunjwa. Yeye anafikiri mumewe alimwogopea."

Akakaa kitako kwenye zulia na manyoya yake mapajani. "Nikimwambia, namtua nani mzigo, yeye au mimi?"

"Labda ana haki ya kujua."

"Labda. Na labda wewe unataka usamehewe kabla ya chakula cha mchana." Akaendelea kuokota. "Sasa hivi ana nyumba anayoiona nzuri. Nimchukulie na hiyo?"

Baadhi ya siku naona mama ana hekima, na baadhi ya siku naona sisi wawili ni waoga tuliojipatia sababu ya heshima. Wifi bado hajui. Akiniambia "wifi, wewe dada yangu kabisa" mimi hutafuta cha kuosha.

Tulimrudisha kliniki, presha haikushuka ya kutosha, na habari ya ndege ikaachwa. Sikukuu ya wale majirani Wahindu wa kwao wifi ilipita. Alituonyesha kwenye simu, picha zilizotoka kijijini kwao: wanawake wamejipanga kulilisha sanamu la mungu wao vitu vitamu mdomoni kabla hajaondoka, kisha wakamchukua mtoni wakamtia majini, arudi kwa mumewe. Mama aliyetufundisha tangu udogo kutotazama masanamu aliiomba simu, akaisogeza karibu na miwani.

"Siku chache tu hizo?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Halafu mwakani tena."

"Mwakani," mama akasema, akairudisha simu.

Uchungu ulimjia asubuhi, saa za watu kwenda sokoni, na kipupwe kimeingia. Mdogo wangu alikuwa zamu, na mpaka atoke Sur afike Ibra ilikuwa haifai kungoja. Mama alikwisha funga mkoba zamani. Nilitoa gari, wakakaa nyuma wote wawili, wifi kichwa begani kwa mama. Njiani kulikuwa na magari mengi na mimi nilipiga honi ambazo sijazipiga maisha yangu. Wifi hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akivuta pumzi na kuhesabu kama alivyowafundisha wajawazito hospitalini, na mama akihesabu pamoja naye kwa Kiswahili.

Tumefika kwenye taa, zimekuwa nyekundu. Hapo uchungu ukamjia mkubwa, akaacha kuhesabu.

"Ma," akasema, kwa lugha ya kwao. "Ma. Ma go."

Mama akamkumbatia kichwa. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Wifi akafumbua macho. Nilimwona kwenye kioo akimtazama mama kwa muda, hana hasira yoyote, anatazama tu ni nani.

"Siyo wewe," akasema.

"Najua," mama akamjibu, akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio wake. "Najua si mimi, mwanangu. Mwite."